Meno ya Mama Kengele

Ijumaa, 2 Juni

Imekauka! Nimeigusa pale kwenye kola kwa ncha ya kidole, kidole kimetoka safi. Picha ya Mama Kengele imekwisha.

Kesho ndiyo sherehe ya kumuaga. Ni mwalimu mkuu wa shule anayosoma mwanangu, anastaafu. Jina la Kengele alilipata kwa sababu kengele ya shule hakumwachia mtu, aliipiga mwenyewe asubuhi na jioni. Kamati ya wazazi ilitaka zawadi ambayo si seti ya vikombe. Dada yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akasimama kwenye mkutano akatangaza kuwa mdogo wake ni mchoraji. Mchoraji! Mimi ni mpokeaji wageni wa kliniki ya meno. Nachora jikoni wenzangu wakiangalia televisheni. Sijawahi kumchorea mtu wa nje hata kuku.

Ila nimeifanya. Nimemchora kutoka kwenye picha ya simu, sikutaka kumsumbua akae mbele yangu. Na ukweli namwogopa, mtu mzima mimi, mama wa mtoto. Kwa heshima yake nimempunguzia makunyanzi. Kope la jicho la kushoto, lililolegea tangu alipopata kiharusi, nimelinyanyua. Nimemfanya acheke. Meno nimeyachora jino kwa jino. Kutwa niko na watu wa meno — meno nayajua mimi!

Mwanangu kaitazama. "Nzuri, mama," akasema. Kisha akakumbuka ana kiu, akatoka.

Mume wangu ameifunika kwa shuka polepole, kama friji ya mteja mwenye maneno. Ni fundi wa friji, kila kitu kwake ni friji. Gauni nimelipiga pasi mara ya pili. Acha tu nilipige na ya tatu.

Jumamosi, 3 Juni

Uso nitauweka wapi.

Jumapili, 4 Juni

Jana sikuweza. Leo najaribu.

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, spika inayokoroma, maua ya karatasi. Picha mbele, imefunikwa shuka letu la kitandani. Mwenyekiti wa kamati akahutubia mpaka watoto wakaanza kusinzia, kisha akavuta shuka.

Kimya.

Kuna kimya cha watu waliopendezwa. Hiki hakikuwa hicho. Hiki kilikuwa cha mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenzake.

Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti, "Huyo nani?" Kule nyuma, kwa wanafunzi wakubwa, kicheko kikaanza — kwanza cha puani, halafu cha mdomo wazi, halafu ukumbi mzima. Watu wazima walijikaza, lakini mabega yalikuwa yanawasaliti. Ndipo dada yangu akaanza kupiga makofi. Peke yake. Pa. Pa. Pa. Afadhali angezimia!

Mimi nilikuwa ukutani nimekumbatia shuka nililoliokota. Na pale, kwa mbali, ndipo nilipoiona. Jikoni nilikuwa nimeiinamia, naona jino moja, kisha jino jingine. Kwa mbali — ni meno! Meno, na nyuma ya meno yuko mwanamke. Macho mawili yamekodoka sawasawa kama ya mdoli. Ngozi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Mama Kengele akapewa maiki. Akaitazama picha, akaitazama. "Ahsanteni," akasema. "Sikujua nina meno mengi kiasi hiki." Ukumbi ukapasuka. Mwenyekiti akaona aniokoe, akaomba mchoraji wetu asimame watu wamwone. Nilikuwa tayari nimesimama.

Mwanangu alikuwa jukwaani na kwaya. Wenzake wote wanacheka. Yeye anaangalia viatu vyake.

Jumatatu, 5 Juni

Picha imeingia kwenye grupu la wazazi, na kutoka huko imekwenda inakojua yenyewe. Mmoja kaandika: Pigeni mswaki, kengele imelia. Mwingine kasema kliniki imepata tangazo la bure. Mume wangu alitumiwa na mteja wake, akacheka mpaka akashika meza, akanigeuzia simu nami nicheke — kisha akakumbuka amemuoa nani. Uso ulivyomshuka! Ameniomba radhi jioni nzima. Radhi zake zinauma kuliko kicheko.

Kazini alikuja mgonjwa, shavu limevimba kama kaficha chungwa, anaugua kwa sauti. Akaniona. Akaacha kuugua. "Si wewe yule wa...?" Nikamwambia akae kwenye benchi, ataitwa.

Natamani kuhama mji.

Jumatano, 7 Juni

Asubuhi huwa natoka na mwanangu, tunaachana kwenye kona ya duka la dawa. Leo alitembea upande wa pili wa barabara. Nikamwita. Hakugeuka.

Jioni akaja jikoni. Shuleni wanamwita Mtoto wa Meno. Alianza kunieleza vizuri, kama mtu mkubwa, akaishia kwenye machozi.

"Mama, acha tu kuchora. Kwani lazima? Mama za wenzangu hawachori."

"Nimeacha," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Rangi na brashi nimezitia kwenye ndoo, ndoo nimeipandisha juu ya kabati. Akanikumbatia. Nikajiona mama mwema — kwa dakika ile.

Naye anachora, mtoto huyu. Anachora mikono tu. Mikono ya watu, kurasa za nyuma za madaftari yake, na ni hodari kuliko mimi. Sikumuuliza kama naye ameacha. Niliogopa jibu.

Jumamosi, 10 Juni

Mume wangu ananiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamuuliza, na akivunjika mhunzi mwenyewe je? Akafikiri sana. Akasema yeye friji ikigoma huanza kwa kuangalia kama imechomekwa ukutani.

Dada alikuja kunituliza. Kasema watu hawa hawajui sanaa. Nikamwambia nawe huijui, ndiyo maana tumefika hapa. Amenuna, kaondoka na bakuli lake alilokuja nalo. Nilikuwa na haja gani ya kumuumiza? Yeye peke yake ndiye aliyepiga makofi.

Jumapili, 11 Juni

Nimekwenda kwa Mama Kengele kuichukua picha. Njia nzima napanga maneno: nitamletea zawadi nyingine, hii nikaichome.

Nyumba ndogo. Ua umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio imenyooka kama ya daftari. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Akanikaribisha ndani. Na picha — ipo! Sebuleni, mbele ya kochi, inatuchekea. Nikachagua kiti kinachoipa mgongo.

Nikasema nimekuja kuichukua.

"Zawadi hairudi."

"Mwalimu, inakudhalilisha."

"Mimi? Mimi simo mle." Akanywa maji, akafuta kona ya mdomo kwa kitambaa. Upande ule maji humtoka. "Yule mwanamke simjui. Ulimtoa wapi?"

Nikaeleza. Simu. Heshima. Makunyanzi. Kope. Alinisikiliza vile anavyomsikiliza mwanafunzi anayedai daftari lake lilinyeshewa.

"Kwa hiyo hukunichora," akasema. "Ulinisahihisha."

Maisha yake yote kawasahihisha watoto wa watu, mimi nikaenda kumpitishia kalamu nyekundu usoni! Nilidhani ni adabu. Kumbe nilikuwa namwambia mbele ya ukumbi mzima: uso wako huu haufai, nimekutafutia mwingine.

Nikamuuliza mbona basi ameitundika. Akasema ni kwa ajili ya mwanawe. Ana kijana mmoja tu, mhandisi, anaishi mji mwingine. Alipoiona alisema, mama, hivi ndivyo ulivyo. Tangu kile kiharusi, kijana akija anaongea na ukuta, anaongea na simu, hamtazami. "Anampenda yule," akasema, na kidevu kikaelekea kwenye picha. "Mwache ampende."

Mlangoni nikamwambia nimeacha kuchora.

"Umeacha au umejificha?"

Nikasema vyote viwili.

"Mficha uchi hazai," akasema. Akafunga mlango. Wala hakusema karibu tena.

Alhamisi, 15 Juni

Nimechora. Kazini! Kwa kalamu ya wino, nyuma ya kadi ya miadi iliyoharibika. Sijui ilianzaje.

Wagonjwa wa meno hawawezi kujiweka sawa. Maumivu yanawavua uso ule wa kutokea nao nje. Kulikuwa na mzee ameshika taya kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Nikamtazama — kumtazama hasa — na mkono ukaenda wenyewe. Picha mbaya. Sikio limekaa shingoni. Lakini taya! Taya ilikuwa inauma.

Nikaichana vipande vidogo, nikavitupa kwenye pipa la pamba. Nimemwahidi mtoto.

Alhamisi, 22 Juni

Kila siku nachora. Kila siku nachana. Nimekuwa kama mlevi: kabla ya kurudi nyumbani nasugua wino vidoleni kwa spiriti ya kliniki, nanusa mikono, ndipo naondoka. Mwanangu sasa anatembea upande wangu wa barabara. Leo alinishika mkono. Mkono uleule!

Ijumaa, 30 Juni

Nimekamatwa.

Mama mmoja, nguo nzuri, kilemba kimefungwa kwa ufundi, na shavu limejaa mpaka jicho limezibwa nusu. Nilimchora muda mrefu kuliko wengine. Alikuwa anaumwa kwa utulivu, kama mtu anayesubiri mgeni asiyemtaka. Sikumwona aliponyanyuka. Nilimwona ameshafika kwenye kaunta, ameinama, anasoma uso wake mwenyewe kichwa chini miguu juu.

"Unanichora mimi? Na shavu hili?"

Benchi zima likanigeukia. Daktari akatoka na glavu zake, nyuma yake mgonjwa amebaki kwenye kiti mdomo wazi. Yule mama akanitazama vizuri. "Ndiye yule! Wa meno! Sasa anatukusanya tuwe kichekesho!"

Nitasema nini? Kwamba nilimwona mzuri? Niliifunika ile kadi kwa kiganja, kama mtoto.

Daktari akaniita ofisini. Hakupaza sauti. Mgonjwa anakuja hapa na aibu yake mdomoni, akasema, anatuamini tuitazame sisi tu. Likirudiwa, nikatafute kazi kwingine. Na yuko sahihi — ndilo linaloniumiza. Kule ukumbini nilichekwa kwa kutojua. Leo nimekosa hasa. Sikuomba. Uso wa mtu si kikombe cha mezani, uuchukue tu kwa sababu uko mbele yako.

Nimempigia yule mama kumwomba radhi. Kakata. Nimepiga tena. Kanisikiliza mpaka mwisho, kakata.

Jumamosi, 1 Julai

Mji mdogo huu! Mtoto wa yule mama anasoma na mwanangu. Habari ilimfika kabla sijapanga namna ya kuisema.

Hakulia. Afadhali angelia.

"Uliniambia kweli kabisa."

"Mwanangu—"

"Wakikucheka ningezoea. Nilishaanza kuzoea. Lakini uliniambia kweli kabisa."

Nikakaa chini, kwenye sakafu ya jikoni. Nikamwambia kwamba nilipoahidi nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa huahidi chochote. Kwamba nimejaribu kuacha, nimeshindwa. Kwamba sikupaswa kumwahidi, na mara hii siahidi.

Akafikiri. Ana umri ambao anafikiri kwa paji la uso.

"Hata kama hutajua kuchora maisha yako yote?"

Kwenye maisha yangu sijaulizwa swali gumu namna hii. Mume wangu alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi, naye anasubiri jibu.

"Hata hivyo," nikasema.

Akaingia chumbani kwake. Ndoo nimeishusha, nimeiweka mezani, mahali ambapo kila mtu anaiona.

Jumapili, 2 Julai

Kwa Mama Kengele tena. Sikuvuka kizingiti.

"Mwalimu, nimekuja kuomba nikuchore. Ukiwa umekaa, ukijua. Kwa ruhusa yako."

"Ukiniaibisha tena?"

"Inawezekana."

Akaniangalia kwa lile jicho zima, kisha kwa lile lililolegea. "Angalau leo hujidanganyi. Njoo Jumapili. Na usilete rangi. Rangi zako ulizitumia kunipaka poda."

Jumapili, 9 Julai

Mkaa na karatasi kubwa. Alikaa kama anakaguliwa. Mikono nayo ikanitoka jasho, mkaa ukawa matope. Nilikuwa natazama karatasi tu.

"Mimi niko huku," akasema.

Nilipomaliza nikamwonyesha, macho nimeyapeleka dirishani. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Nani kafariki?"

Nikacheka! Nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa mkono wa mkaa, nikarudi nyumbani na uso wa mchimba makaa. Watu njiani walinishangaa. Walikuwa wananishangaa hata hivyo.

Jumapili, 16 Julai

Jicho la kushoto. Nililichora mwisho, niliposhindwa kulikwepa tena. Na nilipotazama karatasi — kope limenyanyuka! Mkono umelinyanyua wenyewe. Sikuutuma! Nikafuta. Ukalinyanyua tena. Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka pale pale kwenye jicho.

Nilimwomba samahani. Akasema hata wageni wanaokuja kumjulia hali wanafanya hivyohivyo kwa macho yao.

Simu ya kupiga picha naitamani kama sigara.

Alhamisi, 20 Julai

Amenipigia mtu nisiyemjua. Sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa na mwalimu. Mhandisi, mwana wa Mama Kengele. Namba kaipata kwa mwenyekiti wa kamati.

Kanisifu! Kasema watu wamecheka kwa sababu hawamjui mama yake. Kasema alipoiona ile picha alikaa akaitazama kama amerudishiwa kitu kilichoibwa. Anataka nimchoree nyingine, kubwa zaidi, ya ofisini kwake. Kicheko kilekile. Macho yaleyale.

Na mimi nilifurahi. Niandike hapa maana sitamwambia mtu: moyo uliruka. Tangu sherehe hakuna aliyeniambia neno jema juu ya kuchora, na njaa haichagui sahani. Nikamjibu nitafikiria. Nifikirie nini? Ninajua picha ile ni nini. Nilitakiwa kusema hapana pale pale, nikasema nitafikiria kwa sauti tamu, kama mwari.

Nimejionea haya kuliko siku ile ya ukumbini. Siku ile walinicheka wengine.

Jumapili, 23 Julai

Nimemweleza Mama Kengele. Hakushangaa.

"Utamchorea?"

"Sijui, mwalimu."

"Sijui ni jibu la mtoto anayechungulia daftari la mwenzake."

Nikatoka hadi uani nikampigia kijana. Nikamwambia siwezi, picha ile ilikuwa kosa langu, mama yake namchora upya. Akauliza upya vipi? Nikasema alivyo. Akasema nimwache mama yake apumzike. Akakata.

Nimerudi ndani nikachora kwa haraka, na mchoro wa leo una haraka ileile. Mbaya.

Jioni niliacha karatasi zote mezani zikipumua. Mwanangu akapita kuchukua mkate. Bado ananijibu kwa neno mojamoja. Akasimama. Akazipitia moja moja, taya inatafuna.

"Huu mkono umekufa," akasema.

"Upi?"

"Wote. Hashiki kitambaa hivi. Anakishika kwa vidole viwili, kidole gumba kinabaki nje. Ndivyo alivyokuwa anashika hata chaki." Akaonyesha kwa mkate. Kisha akakumbuka kuwa amenikasirikia, akaenda zake.

Neno mojamoja! Nimezihesabu sentensi kama mwehu.

Jumatatu, 24 Julai

Asubuhi alitembea upande wake wa barabara. Lakini alinisubiri kwenye kona ya duka la dawa, akatazama kwingine, mpaka nikavuka.

Dada amekuja na bakuli. Nimemwomba radhi. Amelia yeye, nimelia mimi, tumekula.

Jumapili, 6 Agosti

Leo aliongea. Nilikuwa nimeanza na mkono — vidole viwili, kidole gumba nje. Mtoto alisema kweli.

Aliniambia siku ile ya kiharusi. Aliamka, akapiga mswaki, maji yakamtoka upande. Akadhani ni uchovu. Akaenda shule akapiga kengele kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikataa kunyanyuka. Gwarideni watoto wakamtazama kwa namna ambayo hajawahi kuiona. Hakuna aliyecheka. "Natamani wangecheka," akasema. "Ningewakemea, ningekuwa na kazi ya kufanya." Aliporudi kutoka hospitali alijifungia ofisini mapumziko yote, kwa majuma. Anakula pale, mlango umefungwa, kitambaa mdomoni. Yeye! Aliyekuwa anatoa watoto nyuma ya vyoo kwa masikio, akiwaambia hapa hatujifichi.

"Hilo sijamwambia mtu," akasema. "Hata mwanangu."

Sikusema pole. Nilikuwa namtazama. Nilipoteremsha macho kwenye karatasi, kope lilikuwa limeshuka. Limeshuka lenyewe, mahali pake, zito, na chini yake jicho linaangalia.

Sikumwonyesha. Nikamwambia nimechoka, nitaendelea Jumapili. Nilikuwa naogopa kupumua.

Jumapili, 13 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi la uani kwa Mama Kengele. Mkaa unachafua ukurasa, sijali. Nimetolewa nje.

Tulikuwa katikati ya kazi. Uso umekubali, jicho limekubali, nimefika mdomoni. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Kijana mrefu, begi begani, mfuko wa matunda mkononi. Mhandisi. Hakupiga simu, alitaka kumshtukiza mama. Akanisalimu vizuri kabla hajajua mimi ni nani. Kisha akaona karatasi kwenye ubao wangu wa kuchorea.

Matunda aliyaweka chini taratibu. Ningependa angeyatupa.

"Nani kakwambia umfanye hivi?"

"Mimi," Mama Kengele akasema.

"Mama, huu ni ugonjwa. Kachora ugonjwa wako." Akanigeukia. "Watu wamekucheka kwa kazi nzuri, sasa unalipiza kwa mama yangu? Ile ukutani ndiyo mama yangu. Ile!"

Lile joto la ukumbini likanipanda shingoni, likafika masikioni, mkaa ukanivunjikia mkononi. Mama Kengele akasema, mwanangu, kaa nje kidogo, haya ni ya nyumbani. Nikadhani anamwambia yeye. Alikuwa ananiambia mimi.

Dirisha liko wazi. Sitaki kusikiliza, lakini masikio hayana kope.

Anamwambia hakuna mtu anayetaka kukumbukwa hivyo. Anamwambia daktari alisema ungepata nafuu, ungefanya mazoezi ya uso, ungefanya, mama. Sauti inapanda. Ubao wangu umebaki mle ndani. Akitaka kuichana picha ataichana. Ana haki? Sijui. Ana mikono.

Sasa Mama Kengele. Sauti ya chini, ile ya kunyamazishia gwaride.

"Nitazame mimi. Usitazame ukuta. Nitazame."

Kimya.

Hakuna kinachochanwa.

Najua ninavyoonekana kutoka barabarani: mwanamke mzima, masizi mpaka viwiko, amekalishwa nje kama mkosaji. Jirani amepita, kanitambua, katabasamu kwa meno yake yote. Aibu ipo. Iko pale pale kifuani, haijahama. Lakini ninachofikiri kwa kweli, tangu nilipokaa hapa, ni kona ya mdomo wake. Nimeikosea. Nimeishusha sana, kama mtu anayetaka kuhurumiwa, na yeye hahurumishi. Inashuka kidogo halafu inajikaza. Inajikaza! Ndiyo maana maji yanatoka yakiwa machache tu. Kwa nini sikuliona hilo tangu mwanzo?

Kijana ametoka. Macho mekundu. Amesimama mlangoni, amejaza mlango mzima.

"Mama anauliza kama umemaliza."

Nimemwambia bado.

Hanipishi, wala hanifukuzi. Nimeshasimama. Nina kipande cha mkaa mkononi na kona ya mdomo wake kichwani.